Kambale Bado ni wa Pili: Namna ya Kuushika Uzi wa Nafsi Yako

Ita "Kambale!" katikati ya soko la Butembo, uone ni wanaume wangapi watakaogeuka. Kwa Wanande, au Wayira kama wengi wetu tunavyopenda kujiita, hilo ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika. Mama akizaa wavulana mfululizo kisha akapata msichana, msichana huyo huitwa Kahindo, yaani aliyegeuza mambo. Mtoto hajafungua macho vizuri, tayari ameonyeshwa mahali pa kuketi nyumbani.

Sasa mfikirie Kambale ambaye kaka yake aliuawa shambani upande wa Mbau. Matanga yamekwisha, turubai limekunjwa, na watu wameanza kumwita mkubwa wa nyumba. Ndiye anayeitwa kwenye mazungumzo ya mahari, ndiye anayeulizwa karo ya watoto wa marehemu. Majukumu ya wa kwanza yote yamemwangukia, lakini jina lake linaendelea kusema kwamba yuko mtu mbele yake. Kila anayemwita Kambale anamtaja na ndugu yake papo hapo, bila kujua. Kiti cha marehemu kimebaki mahali pake, na aliye hai anajua yeye anaketi wapi.

Naamini ndani ya jina hilo mna karibu kila kitu ninachotaka kukuambia. Mwongozo huu ni wako wewe uliye Beni, Butembo, Oicha, Mangina au Lubero, ambaye siku hizi ukiulizwa "wewe ni nani?" unasikia jibu limekwama kooni. Labda ulikuwa mkulima wa kakao na sasa unaitwa deplase, mkimbizi wa ndani. Labda ulikuwa mwalimu na sasa wewe ni mjane, au "yule aliyepona Ebola." Umepewa jina moja, nalo limeyafunika mengine yote.

Kwanza tuelewane kuhusu tunachokitafuta. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyelieneza wazo la utambulisho duniani, aliwatibu askari wa Marekani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili katika kliniki moja ya San Francisco. Aliona kwamba wengi wao hawakuwa wendawazimu. Walichopoteza ni hisia ya kuwa mtu yuleyule waliyekuwa jana, na ya kwamba maisha yao yana mfululizo. Aliliandika hilo katika kitabu chake cha 1950, na nadhani lilimgusa binafsi: yeye mwenyewe hakuwahi kumjua baba yake mzazi, na jina Erikson alijipa akiwa mtu mzima, alipopata uraia wa Marekani 1939. Kwa hiyo utambulisho tunaousema hapa ni uzi: unatoka ulikotoka, unapita ulipo, unaelekea unakotaka kwenda. Uzi ukikatika, mtu hulala vibaya, hukasirika ovyo, huona kesho kama ukuta. Ukiungwa, uchungu hauondoki, ila unapata mahali pa kukaa.

Anza na majina yako. Chukua daftari na kalamu, uketi mahali ambapo hutasumbuliwa kwa nusu saa. Andika kila jina ulilowahi kuitwa, hata yasiyo kwenye kadi ya mpiga kura. Kadi hiyo ndiyo tunayoitoa mfukoni kila barabara inapofungwa kwa kamba na askari akanyoosha mkono. Kwa miaka mingi Wakongo wengi hatukuwa na kitambulisho kingine. Inajua tarehe yako ya kuzaliwa na asili yako. Haijui kwamba bibi alikuita kwa jina la mama yake, kwamba kwaya ya parokia ilikuita Sauti ya Tatu, kwamba wenzako wa kupakia mizigo walikuita Injini. Yaandike yote. Mbele ya kila jina andika ni nani aliyekuita hivyo, na lini umelisikia mara ya mwisho.

Kisha tazama majina ambayo hayajatamkwa kwa miaka. Chagua moja, umtafute aliyekuwa akikuita hivyo. Kama yuko Kasindi, Bunia au Kampala, mpigie simu. Usimwambie unafanya zoezi la kisaikolojia. Msalimie, mwache akuite. Utashangaa jinsi mtu wa zamani anavyoinuka ndani yako kwa neno moja.

Kama unahofu kwamba jina likizimwa limekufa, waulize waliobatizwa wakati wa Mobutu. Mwaka 1972, katika kile kilichoitwa uhalisi wa Kizaire, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Ofisini, shuleni na kwenye karatasi za serikali yalifutwa. Nyumbani mama waliendelea kuita Yozefu na Maria, na utawala ule ulipolegea majina yakatoka tena mlangoni yakiwa mazima.

Hatua inayofuata inahitaji wazee, na wazee hawangoji. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliwapa watoto maswali 20 kuhusu familia zao: unajua babu na bibi walikutana wapi, unajua mambo yaliyowapata wazazi wako walipokuwa wadogo, na kadhalika. Watoto waliojua mengi walijiamini zaidi na waliona wana usemi juu ya maisha yao. Baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka huohuo, haohao ndio waliobeba mshtuko vizuri zaidi. Duke mwenyewe ameonya kwamba kukaririsha majibu hakusaidii kitu. Dawa iko katika jioni nyingi za kukaa pamoja ambazo majibu hayo hutokea.

Sisi tulikuwa na mahali pa jioni hizo. Kyaghanda palikuwa moto na paa, wazee wakiota, vijana wakisikiliza mashauri ya ukoo. Na kwenye jiko la mama kulikuwa na kyaghanda kingine kisichoitwa hivyo. Leo familia tatu zinalala katika nyumba moja ya karte Furu, televisheni inanguruma, na anayejua hadithi ya ukoo amelazwa chumba cha nyuma. Nenda kaketi naye. Usianze na vita. Uliza: babu alishuka kutoka mlima gani hadi Beni? Nani alipanda kahawa ya kwanza, na nani aliinunua? Ndugu zetu walio Kasese, ng'ambo ya Ruwenzori, tulitengana nao vipi? Nani katika ukoo alifilisika kabisa, na alianzaje tena? Alianza na nini mkononi?

Swali hilo la kufilisika usiliache. Familia inayosimulia ushindi mtupu humwacha mtoto peke yake siku anaposhindwa. Na inayosimulia maangamizi tu humfundisha kuangamia. Wazee wetu wanakumbuka 1964, waasi wa Simba walipofika huku na watu wakaingia porini na mbuzi na vyungu. Wanakumbuka pia walirudi lini, na waliikuta nyumba katika hali gani. Kijana aliyekimbia Eringeti au Oicha, katika mauaji ya eneo la Beni yaliyoanza Oktoba 2014, anahitaji kuusikia ukurasa ule wa kurudi. Anahitaji kujua kwamba kukimbia kumewahi kuwa katikati ya hadithi ya familia yake, na hadithi ikaendelea.

Sasa tufike kwenye zoezi la kamba. Zoezi hili linatokana na tiba ya masimulizi iliyobuniwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa ajili ya watu waliopita vitani. Limejaribiwa karibu nasi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwa washauri wa wenzao kutoka Rwanda na Somalia, na matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha nafuu ya kweli. Ninachokueleza hapa ni sehemu yake nyepesi, ile unayoweza kuifanya nyumbani ukiwa na mtu unayemwamini.

Tafuta kamba ya mita mbili au tatu. Ile ya kufungia mizigo kwenye chukudu inatosha. Okota mawe ya ukubwa mbalimbali, na maua: hata ya maharagi, hata ya msituni, hata majani mabichi. Tandika mkeka. Ncha moja ya kamba ni siku uliyozaliwa, iweke chini. Nyoosha kamba taratibu, ukiacha sehemu ya mwisho ikiwa imeviringwa, maana maisha hayajaisha. Kisha anza kuweka. Ua kwa kila jambo jema, jiwe kwa kila baya, kwa mpangilio wa miaka. Taja kila kimoja kwa maneno machache tu: "Hapa nilianza shule ya msingi." "Hapa baba alininunulia viatu vya plastiki vya bluu, nikalala navyo." "Hapa tulihama."

Usikimbilie mawe. Watu wengi wa kwetu wakifika hapa humwaga mawe yote upande mmoja, kana kwamba kabla ya vita hawakuishi. Rudi nyuma. Tafuta ua la darasa la tatu. Tafuta lile la siku ulipouza gunia lako la kwanza la viazi. Hiki ndicho kiini cha zoezi: kuona kwa macho yako, mkekani, kwamba jiwe kubwa lina mahali pake, lina tarehe, lina kamba kabla yake na kamba baada yake. Kabla ya hapo jiwe lilikuwa kila mahali, usiku na mchana, katika kila mlio wa pikipiki.

Na hapa nakuomba unisikie vizuri. Mawe makubwa, yaani kuona mtu akichinjwa, kubakwa, kutekwa, yawekwe tu na kupewa jina fupi. Usiyafungue peke yako wala usimlazimishe mwenzako ayafungue. Kuyasimulia kwa undani ni kazi ya kufanywa pamoja na mtu aliyefunzwa, kwa vikao kadhaa, hatua kwa hatua. Moyo ukianza kwenda mbio, mikono ikatoa jasho, au mwenzako akawa kama hayupo, simama. Mpe maji. Mwambie leo ni siku gani na mko mtaa gani. Mwonyeshe vitu vitano vilivyomo chumbani, avitaje. Kisha mrudi kwenye ua.

Lipo jambo jingine ambalo naliona sana Butembo, mji wa biashara. Mtu hujitundika wote kwenye msumari mmoja. Yeye ni duka lake. Yeye ni makasha yake yanayotoka Guangzhou au Dubai. Barabara ya Kasindi ikifungwa miezi miwili, anayeanguka siyo tajiri tu, mtu mzima anaanguka. Mwanasaikolojia Patricia Linville alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mwenye nafsi yenye vyumba vingi huumia kwa kiasi chumba kimoja kinapoungua, kwa kuwa vingine vingali vimesimama. Basi hesabu vyumba vyako. Wewe ni mfanyabiashara. Ni nani mwingine? Mjomba wa nani? Unajua kutengeneza nini kwa mikono? Jumapili unakaa benchi lipi?

Kwa mama aliyeacha shamba la kakao, nasema hivi: usikubali kuwa mkulima wa zamani. Omba kwa wenyeji wako kipande cha ardhi uani, hata kama ni cha upana wa mlango. Panda lenga-lenga. Haitakurudishia hekta zako, na sitakudanganya kwamba majani hayo yatalipa karo. Lakini asubuhi mikono yako itakuwa na udongo, na mtoto wako atakuona ukifanya kazi unayoijua. Jirani atakuja kuuliza mbegu umezipata wapi. Hapo hapo umekuwa tena mtu anayeulizwa.

Walioonyesha hili kwa mfano usiosahaulika ni waliopona Ebola. Janga lile lilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, likianzia Mangina, na likatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Waliopona walirudi nyumbani wakiwa na cheti mkononi, na wengi wakakuta majirani wanaogopa kuwapa mkono. Godoro lilichomwa, kazi ilipotea, wengine walizika mume na watoto bila kuuona mwili. Wengine walishukiwa kuwa wamekula hela za ripost, yaani mapambano dhidi ya Ebola. Lakini mwili uliopona ulikuwa na kinga. Kando ya vituo vya matibabu vya Beni na Butembo kulifunguliwa nyumba za kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamefariki, na walioajiriwa kuwabeba ni wanawake haohao waliopona. Fikiria hilo kwa makini: kitoto ambacho hakuna anayethubutu kukigusa bila glavu na vazi zima la plastiki, na mama mmoja anayeweza kukilaza kifuani. Ugonjwa uleule uliomfanya aogopwe ndio uliompa ruhusa ya kubeba. Hadithi yake haikubadilishwa hata neno. Ilipata sura inayofuata.

Ndiyo maana, unaposimulia yaliyokupata, usiishie pale palipoharibika. Ongeza sentensi moja: "na baada ya hapo nilifanya hivi." Hata kama ulichofanya ni kumbeba mtoto wa jirani mgongoni hadi Butembo. Hata kama ni kukaa kimya mpaka kukakucha.

Kwa mzazi mwenye kijana wa miaka kumi na minne hadi ishirini, neno langu ni la haraka kwa sababu hatari ni ya haraka. Umri huo ndio wa kujijaribu: leo anataka kuwa daktari, kesho msanii, keshokutwa padri. Usimcheke wala usimfungie njia mapema, maana kujaribu ndiko kunakomkomaza. Kijana asiyepewa nafasi ya kujaribu hununua utambulisho uliokwisha kushonwa, na msituni unauzwa rahisi: jina jipya, wenzako, silaha, hasira iliyopewa sababu. Mpe kitu chenye wenzake na jina ndani yake. Kwaya, timu ya mpira, skauti, karakana ya useremala ambapo bosi anamwita fundi hata kabla hajastahili. Na aliyerudi kutoka kwenye kundi, usimwite jina la kundi hata kwa mzaha. Mwite jina alilozaliwa nalo, mara nyingi, mbele ya watu.

Kuhusu utambulisho wa pamoja nitasema wazi, najua wengine hawatapenda. Uyira wetu ni mkeka mzuri wa kukalia. Lakini kuna siku mkeka huo umegeuzwa fimbo. Barabarani kwetu watu wamepigwa kwa sababu ya umbo la pua au lafudhi, kwa kushukiwa tu, na waliopiga walirudi nyumbani wakidhani wamejilinda. Nafsi inayosimama kwa kumchukia mwingine hulazimika kumtafuta adui kila asubuhi ili isianguke, na haipati usingizi. Linganisha na tarehe 30 Desemba 2018. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa Beni na Butembo, sababu ikitajwa Ebola na usalama. Watu wa Beni wakanawa mikono, wakapanga mistari, wakapiga kura ya kujitengenezea wenyewe. Kura hizo hazikuhesabiwa popote. Waliosimama kwenye mistari ile walijua wao ni nani, na hakuna aliyehitaji kuumizwa ili wajue.

Kuna wakati mwongozo hautoshi. Kama kwa zaidi ya mwezi unaota jambo lilelile na kuamka ukipiga kelele, kama pombe imekuwa ndiyo usingizi wako, kama huwahisi watoto wako kuwa ni wako, au kama umeanza kufikiria kujiua, nenda kituo cha afya na useme neno hilo waziwazi: nahitaji mtu wa saikolojia. Tangu Ebola washauri wa namna hiyo wameongezeka katika maeneo yetu ya afya. Kwa aliyebakwa, hospitali ya FEPSI ya Butembo imewahudumia wanawake wa aina hiyo kwa miaka mingi, na kufika ndani ya saa 72 kunawezesha dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Nenda na mtu. Mtu huyo asizungumze kwa niaba yako. Aketi tu karibu.

Turudi mkekani. Ukimaliza kuweka mawe na maua, mweleze aliye nawe kamba yote kutoka mwanzo, bila kukatizwa. Mwombe aandike au achore anachokiona, jiwe kwa jiwe, ua kwa ua, na mwaka wake. Karatasi hiyo ni yako; itie ndani ya plastiki pamoja na kadi yako na vyeti vya ubatizo vya watoto, ndani ya mfuko ule unaoubeba kwanza mnapolazimika kukimbia. Mawe yarudishe nje. Maua mpe mtoto. Kamba ikunje kuanzia mwanzo, na ukifika kwenye ile sehemu iliyoviringwa, usiinyooshe. Ishike mkononi kidogo uone ina urefu gani.

Kama Kambale wetu angefanya zoezi hili, nadhani angekuta ua la kwanza kabisa, karibu na ncha, ni la mtoto mwingine aliyesimama mlangoni akimsubiri amalize kujifunza kutembea, ili watoke nje pamoja.